Lenzi Ndani ya Gliserini

"Sindano, uko wapi?"

"Ndani ya kontena, Mkuu."

"Toka. Lori linavuka mpaka saa nane."

"Limefungwa kwa nje."

Redio sikioni mwa Sindano ikakoroma. Antena yake, waya mwembamba kama uzi, alikuwa ameipitisha kwenye tundu la hewa. Tundu lenyewe halikuzidi kidole, na ndilo pekee katika chuma chote kile.

Akatazama Casio yake. Saa saba na dakika ishirini na tano.

Sindano lilikuwa jina lake la kazini. Alipewa kwa sababu hupenya popote. Leo pia alikuwa amepenya vizuri tu, kutoka ndiko kulikokuwa shughuli.

Mbele yake kulikuwa na mitungi arobaini ya kioo, ya pembe nne, imepangwa foleni moja juu ya mbao katikati ya kontena. Yote imejaa gliserini, angavu kama maji. Hati zilisema ni ya kutengenezea sabuni. Lakini ndani ya mtungi mmojawapo kulikuwa na lenzi iliyoibwa kiwandani siku tatu zilizopita, lenzi pana kama sahani, ya kuongozea makombora. Habari hiyo alikuwa na uhakika nayo. Ila lenzi yenyewe hakuiona.

Alikuwa amemulika mtungi mmoja mmoja kwa tochi. Arobaini yote. Gliserini tupu!

Na mtu wa mwisho kuisaini lenzi ile alikuwa fundi mkuu wa kusaga lenzi. Baba yake mzazi.

Asubuhi ile Sindano alimvisha pingu kwa mikono yake mwenyewe. Amri ni amri. Mzee alinyoosha mikono bila ubishi, akamuuliza tu kama amekunywa chai. Ufunguo wa pingu ulikuwa bado mfukoni mwake, na alikuwa akiugusa kila mara. Saa tisa mzee angesomewa shitaka la uhaini, na adhabu yake ilijulikana.

Ko, ko, ko. Mtu alikuwa akigonga chuma.

"Mwanangu, u mzima humo?"

Sauti ile aliijua tangu utotoni. Ilikuwa ya baba yake mdogo, mkemia wa kiwanda hicho hicho, aliyemfundisha kuendesha baiskeli. 

"Ba'mdogo! Fungua!"

"Tangu mdogo unapenda kujificha. Na tangu mdogo nakuona miguu." Akacheka. "Haya, tafuta. Ukiiona, chukua, iwe yako."

"Watamnyonga baba!"



"Kaka amezoea kunisamehe," alisema baba mdogo. "Na wewe usihofu. Ng'ambo kuna watu watakupokea."

Nyayo zikaondoka.

Sindano aliupiga mlango teke. Mlango haukumjali. Jua la mchana lilikuwa limekishika kile chuma juu na pembeni, na hewa ya ndani ilikuwa nzito, ya kutafuna. Shati lilimganda mgongoni. Kwenye Glock yake mlikuwa na risasi saba, lakini kufyatua ndani ya boksi la chuma ni kujitafutia risasi mwenyewe. Vifuniko vya mitungi vilikuwa vimekazwa kwa mashine, na kila kimoja kingemla dakika tatu. Na kuvunja mitungi ni kuivunja lenzi.

"Mkuu, simamisha lori."

"Mzigo una muhuri wa ubalozi. Nikiuvunja bure, kesho nalima mchicha. Na kwa mujibu wa makaratasi, wewe hupo humo. Nipe lenzi, nikufungie lango la mpaka."

"Mzee yuko hapo?"

"Yuko mbele yangu. Na pingu zako."

"Mpe redio."

Kukawa na mkwaruzo.

"Mwanangu," alisema baba yake. "Umekunywa maji?"

Angeweza kulia, lakini muda haukuwepo.

"Baba, nisamehe. Kitu cha kioo kinapoteaje ndani ya gliserini?"

Mzee alishusha pumzi. Alielewa papo hapo, na alielewa ni nani.

"Kioo tunakiona kwa sababu mwanga ukikigonga, mwingine unarudi, mwingine unapita na kupinda. Ukikizamisha kwenye kitu kinachopinda mwanga sawasawa na chenyewe, haurudi wala haupindi. Macho hayana cha kushika. Huyo mdogo wangu amechanganya mpaka vikalingana."

"Kwa hiyo haionekani kabisa?"

"Amechanganyia wapi? Maabara, kwenye kiyoyozi. Humo ulimo kukoje?"

"Naiva, baba."

"Basi amekwisha. Gliserini ikipata joto hulegea, hupinda mwanga kidogo kuliko kioo. Tofauti ndogo mno, jicho tupu halitaiona. Una mwanga mwembamba?"

Sindano aliitazama Glock. Chini ya mtutu kulikuwa na leza ya kulengea shabaha.

Akatoa risasi zote. Akawasha leza. Mwale mwekundu ukapenya mtungi wa kwanza, nukta ikatua ukutani. Wa pili. Wa kumi. Jasho likimwingia machoni. Wa arobaini.

Saa saba na dakika arobaini na nne. Injini ya lori ikanguruma.

"Hakuna kitu, baba!"

"Umepitisha wapi?"

"Katikati."

"Ah, mwanangu! Katikati ya lenzi mwale hupita moja kwa moja, haupindi. Anza chini, panda taratibu. Ukingoni utakuambia."

Lori likaondoka. Sindano akapiga magoti kwenye sakafu iliyomuunguza, akaegemeza mkono kwenye mbao. Chini, juu. Chini, juu. Nukta ilipanda pamoja na mkono, kwa utulivu, mtungi baada ya mtungi. Foleni ya forodha ikalisimamisha lori, naye akashukuru.

Mtungi wa ishirini na tisa.

Nukta ikaruka.

Upana wa punje ya mchele, basi. Akarudia. Ikaruka tena, pale pale.

Akachomoa kisu, akakibandua kifuniko kwa dakika tatu, akazamisha mkono mpaka kwapani. Macho yake yaliona gliserini tupu. Vidole vyake vikashika kitu kigumu, cha mviringo, chenye tumbo.

"Mkuu. Ninayo mkononi."

"Una hakika?"

"Funga lango."

Saa nane kasoro dakika moja milango ikafunguka. Hewa ikaingia, Sindano akainywa kama maji. Maafisa wa forodha walikuwa wamemshusha baba mdogo kutoka mbele ya lori, wamemshika kwapa hili na hili. Alitazama lenzi ikichuruzika juani, kisha mtungi.

"Umeionaje?" alinong'ona.

"Umeliacha lori juani, ba'mdogo."

Hakumtazama mara mbili. Alimkabidhi afisa lenzi, akarudisha risasi zake saba mahali pake, akaelekea kwenye gari aliloazimwa na forodha, mkono mmoja ukimeta gliserini.

"Sindano," redio ikasema, "mzee yuko huru. Nipe ripoti kesho."

"Mwambie asiondoke, Mkuu."

Kwa mbali akamsikia baba yake akicheka.

"Niondoke niende wapi, na pingu hizi?"

Akautia ufunguo wa pingu kiganjani, akaushika usimteleze, akawasha gari.