Shahidi wa Pili

Kila asubuhi kabla ya shule, Renita alimhoji mama yake jikoni. Mama huyo, Corliss, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa uwakili wa jimbo la Georgia, na somo lililomtoa jasho lilikuwa la wosia. Mama alikoroga uji wa mahindi, Renita akasoma maswali kwenye kadi.

“Mashahidi wangapi?”

“Wawili.”

“Umri?”

“Kuanzia miaka kumi na minne. Na anayerithi asiwe shahidi. Haya, kunywa uji, acha kunikagua kama mwalimu mkuu!”

Siku hiyo Renita hakwenda shule. Bibi Ardella, shangazi yake Mama, alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo, na gari lingemchukua saa nne. Nyumba waliyoishi wote ilikuwa ya Bibi. Alitaka kumwachia Corliss, aliyemuuguza miaka saba. Kama angekufa bila wosia, watoto wote wa ndugu zake wangegawana, na wale wa Atlanta walishasema watauza.

Saa tatu Wakili Pinckney akafika na wosia uliochapwa. Yeye angekuwa shahidi wa kwanza. Wa pili, jirani yao Hosea, akapiga simu: gari limemharibikia njiani.

Wakili akamwomba Mama asubiri nje, kwa kuwa ndiye mrithi. Kisha akamtazama Renita, aliyemzidi mama yake kimo.

“Binti, una miaka mingapi?”

Renita akakumbuka umri ulioandikwa kwenye kadi. Alibakiza wiki tano tu kuufikia.

“Kumi na minne.”

“Vizuri. Sogea hapa.”

Bibi akatia saini. Wakili naye akatia. Kalamu ikamfikia Renita. Akaishika, akaikodolea macho ile karatasi, akashindwa.

“Nimedanganya,” akasema, machozi yakimlengalenga. “Bado wiki tano.”

Wakili akatazama saa. Zilibaki dakika kumi na tano.

Renita akatoka mbio. Nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Kwenye kona akaliona gari la posta na Bi Vernell, mgawa barua.

“Bi Vernell, njoo utie saini! Bibi anapelekwa kupasuliwa!”

“Mtoto wewe, hata salamu hakuna? Saini ya nini?”

“Ya wosia! Wewe hurithi kitu kwetu, au siyo?”

“Labda yule mbwa wenu anayeninyima amani. Twende!”

Chumbani, Bibi akamwonyesha Bi Vernell saini yake na kuthibitisha kuwa ni yake. Bi Vernell akaandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi. Gari likapiga honi nje.

Bibi akamwita Renita kitandani. “Bibi, umenikasirikia?” Renita akauliza.

“Kidogo. Siku ya kusomwa karatasi hii, mimi sitakuwepo kukutetea. Wangeuliza tu ulizaliwa lini, na uongo wako ndio ungewatoa humu ndani, wewe na mama yako. Lakini umesema kweli wakati bado kuna la kufanya. Fanya hivyo siku zote, hata kama ni kweli inayokuumbua.” Akamshika mkono. “Sasa kaniitie mama yako. Mwambie aingie, nyumba ni yake.”