Vyungu Thelathini na Sita

Asubuhi ile shamba lilikuwa limetulia kama mtoto aliyeshiba. Mama alikuwa amepiga magoti kati ya matuta, akifunga miche ya nyanya kwenye vijiti kwa vipande vya kitambaa kikuukuu, na mjomba alikuwa akimwaga maji taratibu kwenye shina la kila mche. Binti akatokea njiani na begi mgongoni na barua mkononi. Alimpa mama barua, mama akamrudishia.

"Nisomee wewe. Mimi mikono matope matupu."

Barua ilisema kwamba kati ya wanafunzi wote wa mwaka wa tatu waliosomea udongo na mimea pale chuoni, sita walikuwa wamechaguliwa kuingia programu ya wanafunzi bora. Kila mmoja angepewa msimamizi wake, nafasi yake kwenye banda la utafiti, na kazi moja ya kuifanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye alikuwa mmoja wa hao sita.

Mjomba akatua ndoo. "Kuanzia leo," alisema, "huyu akikanyaga shamba, shamba linamwamkia."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho, na matope yakamwachia mstari shavuni. Wakulima wa mashamba ya jirani waliposikia habari hiyo walimpa jina hapo hapo: Bi Udongo.

Ndugu zangu, furaha hiyo haikuwa na ubaya wowote. Nalisema mapema msije mkadhani namlaumu mzazi kwa kumfurahia mwanawe. Ubaya ulikuja baadaye, kimya kimya, na ulipokuja ulikuta mlango wazi.

Kazi aliyopewa Bi Udongo ilihusu samadi. Nje ya mji kulikuwa na zizi kubwa la ng'ombe wa maziwa, na samadi yake ilikuwa imerundikana kama vilima. Wakulima wadogo waliimezea mate. Lakini msimamizi wake, mwanamama mwembamba asiyepoteza maneno, alikuwa na wasiwasi. Ng'ombe wale walilishwa nyasi kavu kutoka mashamba yaliyopuliziwa dawa ya kuua magugu, na ziko dawa ambazo tumbo la ng'ombe haliziwezi. Huingia na nyasi, hutoka na kinyesi, na zikifika shambani huharibu nyanya, maharage na mimea mingine ya majani mapana.

"Kupima kwenyewe si kazi ngumu," msimamizi alimwambia. "Panda maharage kwenye vyungu thelathini na sita. Nusu uchanganye na samadi, nusu udongo mtupu. Mwagilia kila asubuhi, siku ishirini na moja. Samadi ikiwa na sumu, majani yatajikunja kama kijiko. Ukiona, andika. Usipoona, andika vile vile."

Alianza vizuri. Alfajiri ilimkuta bandani na kopo la kumwagilia, na daftari lake lilikuwa safi kama meza ya karani. Siku ya kumi na tano, majani yakiwa bado hayajaonyesha tofauti, mama akapiga simu. Akina mama wa kikundi chake walikuwa wameandaa shughuli ndogo ya kumpongeza.

"Njoo hata siku moja tu, mwanangu. Usinitie aibu."

Angeweza kumwomba mtunza banda amwagilie. Huyu alikuwa mwanamke mchangamfu ambaye wanafunzi walimwita Mama Funguo, kwa kishada cha funguo kilicholia kiunoni mwake kila alipopita. Hakumwomba. Aliona haya. Mwanafunzi bora, halafu ashindwe kutunza vyungu vyake mwenyewe? Akavimwagilia maji mengi, akafunga mlango, akaenda.

Siku moja ikawa nne. Kila alipoaga, shangazi mwingine alifika kutoka mbali kumwona. Walimkalisha kiti cha mbele, wakamuuliza habari za mbolea, za wadudu, hata za maumivu ya mgongo, naye alijibu yote. Na bandani, chini ya nailoni, jua lilikuwa likipika.

Aliporudi, Mama Funguo alikuwa amesimama mbele ya vyungu, mikono kiunoni.

"Mwenyewe huyoo! Maharage yako yamekuwa ugoro, mwanangu. Unaweza kunusa ukapiga chafya."

Binti hakucheka. Alipita chungu kwa chungu. Yote yalikuwa yamekauka. Lakini Mama Funguo, ambaye hakusoma chuo chochote ila alikuwa amekaa bandani miaka kumi na minane, aliinua chungu kimoja cha samadi na kimoja cha udongo mtupu, akaviweka sambamba.

"Tazama. Haya yamekauka yakiwa yamenyooka. Haya ya samadi yamejikunja. Umeona?"

"Ni kiu hiyo."

"Kiu gani inayochagua vyungu?"

"Mama Funguo, ni kiu," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka.

Mwanamke yule akavirudisha vyungu mahali pake. "Haya. Wewe ndiye msomi. Utaanza upya?"

"Nitaanza."

Kesho yake Mama Funguo akaenda likizo.

Kuanza upya kulitaka wiki tatu. Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya jopo ilikuwa imebaki wiki moja, na mama alikwisha kuitangaza siku hiyo kwa kila mtu aliyepita njia. Binti aliketi chumbani kwake bwenini, dirisha wazi, wenzake wakicheza mpira chini, akafungua daftari. Kwa mkono usiotetemeka hata kidogo aliandika mbele ya kila chungu, kuanzia cha kwanza hadi cha thelathini na sita: majani ya kawaida. Kisha akaenda bandani, akamwaga udongo, akaosha vyungu na kuvipanga juani. Msimamizi alipotaka kuviona, vilikuwa vitupu, safi na vikavu.

"Umefanya haraka kusafisha," msimamizi alisema.

"Nilitaka kuwaachia wenzangu nafasi."

Jopo lilimpongeza. Na kwa kuwa kila mwanafunzi wa programu ile alitakiwa kuwaandikia wakulima ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, naye aliandika wake: samadi ya zizi lile ni salama kwa nyanya, pilipili na maharage. Karatasi ikabandikwa ukutani kwenye duka la pembejeo. Chini yake palikuwa na jina lake.

Siku chache baadaye simu iliita.

"Bi Udongo wangu!" Mama alikuwa karibu kuimba. "Tumeiona karatasi yako. Mjomba wako ameipiga picha. Tumeagiza lori zima la ile samadi, linafika Jumamosi. Miche nimeshaitayarisha."

Binti alisimama katikati ya uwanja wa chuo. Watu walimpita kushoto na kulia.

"Mama, kwa nini usisubiri kidogo?"

"Nisubiri nini?"

"Basi tu. Jaribu tuta moja kwanza."

"Wewe nawe! Si wewe uliyesema ni salama? Au sijasoma vizuri?"

Ndugu msomaji, katika maisha ya mtu ziko nukta chache ambazo neno moja lingetosha. Hii ilikuwa mojawapo. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: mama, sikupima. Alikiona kabisa kinywani mwake. Akakimeza.

"Umesoma vizuri," alijibu.

Kuanzia siku hiyo hakulala vizuri wala kula vizuri. Alijiambia huenda ilikuwa kiu kweli. Kila simu ilipoita alihofu ni mama, na ilipokuwa siye alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru. Wiki ya kwanza mama alisema miche imeshika. Wiki ya pili alisema imepauka kidogo, labda jua. Wiki ya tatu alisema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, nyanya zangu zinakunja ngumi."

Binti alipanda basi asubuhi ile ile. Alipofika, hakuhitaji kuingia shambani. Akiwa njiani aliona matuta yote, kutoka mwisho hadi mwisho, majani yamejikunja kwa ndani, vikonyo vimejinyonga, ncha changa nyembamba kama uzi. Mama alikuwa amesimama katikati, mikono imening'inia. Mtu aliyezoea kuinama kutwa nzima alikuwa amesimama tu.

"Ni ugonjwa gani huu?" mama aliuliza. "Nimeng'oa miche iliyozidi kuharibika, nimemwagilia. Niambie, wewe ndiye unayejua."

Kabla hajajibu, mngurumo ulisikika barabarani. Lori la pili lilikuwa likiingia kwa jirani, limejaa hadi juu, na nyuma yake walikuwa wakulima wengine watano na majembe yao, wakitaniana kwa kusubiri zamu. Jirani mwenyewe, mzee wa pilipili, alipunga mkono alipomwona.

"Bi Udongo! Umekuja kukagua samadi yako?"

Alikimbia. Alisimama mbele ya lori, kiganja juu ya boneti ya moto, na dereva akapiga breki na kumtukana.

"Usishushe," alisema. "Msishushe. Ina sumu."

"Sumu ipi tena?" mzee wa pilipili aliuliza. "Karatasi yako inasema salama."

"Sikupima. Vyungu vyangu vilikufa nikiwa kwenye shughuli. Nikaandika uongo."

Kicheko kimoja kilitoka nyuma, cha mtu aliyedhani ni utani, kikakatika peke yake. Dereva alizima injini. Mama alikuwa amemfuata na sasa alisimama hatua tatu kutoka kwake.

"Uliponiambia nimesoma vizuri," mama alisema polepole, "ulikuwa unajua?"

"Niliona majani yamejikunja, mama. Nilijua."

Mama hakumpiga wala hakupiga kelele. Alifungua fundo la kanga, akajitanda upya, akarudi shambani kwake. Lori likageuza. Mashamba sita yakapona siku hiyo, na moja likawa limekwenda.

Chuoni mambo hayakuchukua muda. Jina lake lilifutwa kwenye programu, karatasi yake ikabanduliwa dukani, na angerudia mwaka pamoja na wanafunzi wa kawaida. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo lililomuuma kuliko adhabu yote.

"Ungeniletea vile vyungu vilivyokufa, ningekuongezea wiki tatu. Na yale majani yaliyojikunja, mwanangu, ndiyo yalikuwa jibu lenyewe. Ulikuwa nalo mkononi ukaliosha."

Aliporudi nyumbani alimkuta mama na mjomba waking'oa nyanya. Mjomba, mtu wa mzaha, hakuwa na mzaha. Walifanya kazi watatu, tuta kwa tuta, bila kusemeshana, mpaka shamba likabaki wazi na lundo la miche iliyopinda likanyauka pembeni.

"Sasa humu patapandwa nini?" mjomba aliuliza, akiangalia pembeni.

"Mahindi," binti alisema. "Dawa ile haiyadhuru sana mahindi. Nyanya, labda mwaka, labda miaka miwili."

"Mwaka au miwili?" mama aliuliza.

Zamani angetaja namba.

"Sijui, mama. Mpaka nipime."

"Basi pima," mama alisema. "Pima nikiona."

Akapindua debe, akakaa juu yake, mikono magotini, akamwangalia mwanawe akichota udongo kila pembe ya shamba. Hakumwondolea macho hata mara moja, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyemkuta chumbani mwake.

FUNZO

Ninyi wenzangu mnaosoma, na hasa mliochaguliwa kati ya wengi: watu wetu hawana maabara. Wana sisi. Tunachoandika darasani kwa ajili ya alama, mtu mwingine atakimwaga shambani kwake kwa imani. Kazi ikiharibika, sema imeharibika. Aibu ya kusema inapita. Uongo ulioandikwa hukaa ardhini, na huwezi kuung'oa kwa jembe.

Nanyi wazazi na majirani, tupongezeni, lakini msitupandishe mahali ambapo hatuwezi tena kushuka na kusema "nimekosea". Muulizeni kijana wenu amepata nini, kisha mumuulize pia nini kimemshinda. Akiwajibu kwa ukweli, mpongezeni kwa hilo nalo. Naamini tukizoeana hivyo, mashamba mengi yatapona kabla lori la kwanza halijafika.