Veni Iliyoshika Pumzi

Ilianza na harufu. Veni ya kiwanda cha mbao cha Elburgon ilibeba misumari, misumeno na magunia ya posho, basi, lakini tangu mvua za Aprili ilinuka mafuta ya mbarika, yale ambayo akina mama wa Kikuyu huwapaka watoto wachanga. Mathenge, dereva wake, aliisugua sakafu kwa sabuni na majivu mpaka mikono ikachubuka. Harufu haikutoka. Siku za ukungu ilizidi.

Halafu veni ikaanza kushika pumzi.

Sijui niseme vipi vinginevyo. Inakuwa inakwenda vizuri tu, mara Mathenge anakanyaga mafuta na gari haliitiki. Haizimi. Injini inaguna chini kwa chini, mwendo unapungua hadi kutambaa, kisha inaachia ghafla na kuruka mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Masinde, fundi wa gereji moja ya Nakuru, aliposikia hayo alicheka. Alikuwa Mluhya mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na magari yote yalimheshimu. Alisafisha tangi, akapuliza mipira ya petroli, akabadilisha plagi na pampu, akaifungua kabureta na kuifunga tena. Akaizungusha veni mjini na kuipandisha kuelekea Menengai. Ikapaa.

"Hii gari iko sawa kuliko wewe," alimwambia Mathenge.

"Ni kwa sababu umeendesha hapa mjini. Huko juu inakataa."

"Ama uko na majini?" Masinde akacheka tena. "Majini ni ya Mombasa, dereva. Baridi ya Elburgon itaua yeye."

Mathenge hakucheka. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya majini hakuyataka hata kwa mzaha. Lakini kilichomnyima usingizi hasa ni mkewe, Wariara, aliyekuwa karibu kujifungua. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuzika watoto kabla hawajatambaa, na sasa Wariara hakununua hata kitambaa cha mtoto, kwa hofu. Kambi ya wafanyakazi haikuwa na gari jingine la kumfikisha hospitali.

"Fundi, twende pamoja mpaka Elburgon," alisema. "Ujionee."

Wakapanda kupitia Njoro, na veni ikapanda nao bila kosa. Masinde alipiga mluzi njia nzima. Mluzi ulikatika walipofika kambini, kwa sababu wanawake walikuwa wamesimama nje ya nyumba ya Mathenge na hakuna aliyewasalimu.

Cucu Wangare, bibi kizee mkunga wa kambi, alitoka akijifuta mikono.

"Mtoto amelala vibaya," akasema. "Mikono yangu imefika mwisho. Mpeleke Nakuru sasa hivi."

Wakamlaza Wariara kwenye godoro nyuma ya veni. Cucu Wangare alipotaka kupanda baada yake, alishika mlango wa nyuma, akasita, akamtazama Mathenge. Mathenge akaangalia pembeni. Wote wawili walikuwa wakikumbuka jambo moja.

Mwezi wa Aprili Mathenge alimbeba kwa veni hiyo jirani yao, Nyakio, ambaye mumewe alikuwa kizuizini kama wanaume wengi wa miaka ile ya Hali ya Hatari. Alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapanda na chupa yake ya mbarika ya kumpaka mtoto, hakuna wa kumsindikiza, na veni ikakwama matopeni karibu na daraja la mbao. Muda wote Nyakio aliuliza neno moja tu kupitia kidirisha cha waya nyuma ya kiti cha dereva, juu ya mwanawe mdogo aliyemwacha nyumbani. "Dereva, Mburu amekula?" Mathenge alikuwa akipigana na usukani. Mwishowe alimwambia anyamaze. Akanyamaza, akafa na mtoto wake tumboni.

Mathenge akamrudisha kambini, akafungua mlango wa nyuma, ule aliomwingizia, na kumtoa hapo hapo. Cucu Wangare alisimama kwenye mvua akimkataza. Kwa wazee wao, mtu aliyefia ndani ya nyumba hatolewi kwa mlango. Ukuta hutobolewa, akapitishwa hapo, asije akaijua njia ya kurudi.

"Toboa," Cucu alimwambia siku ile.

"Cucu, hii ni gari ya bwana, si nyumba. Na sisi ni watu wa kanisa."

Alisema kanisa, lakini alichoogopa ni bwana mwenye kiwanda. Mkikuyu aliyeharibu gari la mzungu wakati ule angenyang'anywa kazi na pasi ya kutembea, na kurushwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, pamoja na familia yake.

Ndiyo hiyo veni iliyombeba Wariara sasa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mau, na ijapokuwa ilikuwa alasiri, Mathenge aliwasha taa. Hawakufika mbali. Veni ikashika pumzi.

Masinde aliruka chini na kufungua boneti. Petroli ilikuwa inafika. Moto wa plagi upo. Waya wa mafuta unavuta vizuri. Akiwa bado ameinama, injini ikaachia yenyewe na kunguruma usoni pake, akarudi kitini. Ikashika tena. Ikaachia. Ikashika, na safari hii mapema zaidi.

"Dereva," alisema polepole, "uchafu kwa petroli hapana kuja namna hii. Uchafu inakuja ovyo. Hii inashika, inaachia, inashika, na kila mara inaongeza haraka. Kama..."

Alikuwa baba wa watoto wengi na alijua ni kama nini.

Sauti ya Wariara ikapita kwenye kidirisha cha waya, ndogo, imekauka.

"Mathenge. Si gari. Tunashikwa pamoja."

"Wewe na nani?"

Kisha wakamsikia akinong'ona, "Cucu, legeza mkono wangu. Unaniumiza."

Na Cucu Wangare akanong'ona pia, "Mikono yangu yote iko kwa tumbo yako, mama."

Harufu ya mbarika ikajaa ndani ya veni mpaka ikawa ladha mdomoni. Wakafika darajani, na hapo ikashika pumzi na haikuachia, Mathenge akikanyaga mafuta mpaka chini na injini ikiguna kwa uchungu usiokuwa wa chuma, na upande wa nyuma ukididimia juu ya springi kana kwamba wamepakia magogo, na kupitia ule waya akasikia pumzi ya mkewe ikikatika, na ya Cucu ikitetemeka, na katikati yao pumzi nyingine, nzito, iliyolowa, ya mwanamke anayesukuma tangu Aprili na hajaambiwa apumzike. Mathenge aliogopa hadi machozi yakamtoka.

"Toboa," akasema Cucu Wangare.

Mathenge akatwaa tindo na nyundo kwenye mkoba wa Masinde.

"Bwana atafukuza wewe," Masinde alisema, bila kumshika.

"Anifukuze."

Alilipiga bati la ubavuni, karibu na mlango wa nyuma, akalia na kupiga, akamwita Nyakio kwa jina na kumwomba msamaha, mpaka likapatikana tundu la kupitisha mtu. Kitu chenye joto na majimaji kikampita usoni. Springi zikainuka polepole. Ukungu ulifunguka kidogo kuelekea msituni, kisha ukajifunga.

Injini ikaachia.

Kutoka hapo veni haikuguna tena. Mbele ya Njoro Cucu Wangare alipiga kelele kwamba mtoto amegeuka mwenyewe, na Nakuru ilipoanza kuonekana wakasikia kilio cha mtoto wa kike, kikali, cha mtu mwenye haki yake. Mathenge alicheka kwa sauti. Masinde alimpiga bega, akacheka naye.

Walisimama uani mwa hospitali. Mlango wa nyuma haukufunguka. Nyundo ilikuwa imekunja fremu. Masinde akauvuta, akaupiga teke, akaubanua kwa chuma, na damu ikawa inachuruzika kupitia sakafu, haikatiki.

"Mama anaisha!" Masinde akapaza sauti. "Pitisha yeye hapa kwa tundu!"

"Hapana!" Cucu Wangare alilia kutoka ndani. "Hiyo si njia ya mtu aliye hai! Mathenge, hiyo njia imefunguliwa mwingine!"

Mathenge alijua. Alijua kuliko Masinde, na hata hivyo aliiona ile damu. Alikuwa ameacha mwanamke mmoja afe ndani ya veni hii akingoja. Akaingiza mikono kwenye tundu, akamshika mkewe makwapani na kumvuta, bati likimkwaruza bega, akamkabidhi kwa manesi. Mlango ulipokubali baadaye, Cucu akatoka kwa mlango huo akiwa na mtoto, akashuka bila kumtazama mtu.

Jioni wakamwambia Mathenge kwamba mkewe ataishi. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akashukuru, akasahau bwana na veni yake. Kisha akamchukua binti yake na kuingia wodini.

Harufu ya mbarika ilimpokea kabla hajafika kitandani. Mtoto alikuwa bado hajapakwa kitu.

Wariara alikuwa macho. Mathenge akamlaza mtoto kifuani pake, akamfunua uso amwone, uso aliouomba miaka yote hiyo. Wariara hakuangalia chini. Alimtazama Mathenge kwa adabu, kama mtu anayeomba msaada kwa asiyemjua sana.

"Dereva," akasema. "Mburu amekula?"

Mathenge aliwaza kumwita kwa jina, lakini hakujua ni jina lipi lingeitikiwa.

"Amekula," akasema.

Mwanamke akafumba macho, ametulia. Mtoto kifuani akaanza kulia kwa njaa, na hakuna mkono ulioinuka kumshika.