Maziwa ya Ba

Haya yalimpata Hetal, rafiki yangu wa Westlands, na mpaka leo hataki kuona chai ya maziwa.

Mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Ba, ndiye aliyekuwa akiwatafutia saa njema ya kila jambo kwenye kalenda ya Kihindu. Kalenda ilichapishwa India, kwa hiyo kila saa aliihesabu upya kwa jua la Nairobi. Bhavin, mwanawe na mume wa Hetal, aliona huo ni upuzi wa uzee. Akampeleka nyumba ya wazee kule Dagoretti, na Ba akafia huko, akiuliza watahamia lini fleti mpya waliyonunua.

Siku ya kuhama, Bhavin alifuata saa za India vilevile zilivyochapishwa. Wakaingia peku kukiwa bado giza, stima haijaunganishwa. Hetal akaweka maziwa jikoni, maana kwao maziwa yakifurika ndipo nyumba hupata baraka. Moto uliwaka sana. Maziwa hayakuchemka.

"Si tungoje jua litoke kwanza?" Hetal akauliza.

"Usiniletee mambo ya Ba hapa." Bhavin akainamisha sufuria, maziwa yakamwagika. "Haya, yamefurika. Twende tukalete mizigo."

Hetal akafunga gesi, akamwaga yaliyobaki, akaosha sufuria na kuifudikiza. Walikuwa mlangoni jua lilipochomoza. Nyuma yao, kwenye giza la jikoni, kitu kikaanza kutokota, kikapanda, kikafurika shiii juu ya jiko lililozimwa.

Bhavin hakugeuka. Maziwa yalikuja sakafuni taratibu mpaka yakagusa visigino vyake, nayo yalikuwa ya moto.