Sanduku Lililofungia Intaneti

Seremala alipiga randa tangu asubuhi, lakini akili haikuwa kwenye mbao. Binti yake wa pekee, anayeishi nchi ya mbali, alikuwa amejifungua. Saa kumi alasiri angepiga simu ya video, awaonyeshe yeye na mkewe mjukuu wao.

Kwa ajili hiyo wazee hawa waliwekewa intaneti ya nyumbani. Mafundi waliacha sebuleni waya mnene wa ukutani na vifaa viwili vyenye taa. Seremala hapendi vitu vya thamani vikae wazi. Akavitengenezea sanduku la mbao ngumu, lenye kufuli. Ndani akalipiga bati, panya wasiguse. Akajisifu wiki nzima!

Saa tisa na nusu, walipoijaribu kwa mara ya kwanza, simu ya mkewe haikushika intaneti.

"Mume wangu, umeifunga intaneti kwa kufuli," mkewe alisema. "Unategemea itatokaje?"

Seremala hakucheka. Akamkimbilia jirani, mama mmoja fundi wa mitambo ya simu.

Jirani alifika, akaligonga sanduku ubavuni.

"Kazi nzuri, baba. Ndani umeweka nini?"

"Bati."

"Basi tatizo ni hilo."

Seremala akafungua kufuli, jirani akavitoa vile vifaa. "Hii ni modemu. Inapokea intaneti kutoka kwenye waya. Hii nyingine ni ruta. Inaisambaza intaneti nyumba nzima kwa njia ya hewa. Bati linaizuia. Tena vikifungiwa hivi vinapata joto, vinaharibika."

"Hewani? Inapita hapa tulipo?"

"Inapita, baba."

Seremala alinyoosha kiganja, akakigeuza. Hakuona kitu.

Jirani alimwachia aunge mwenyewe. Waliviweka vifaa juu ya sanduku, mahali pa wazi. Seremala alikaza waya wa ukutani nyuma ya modemu, akaiwasha, wakasubiri taa zitulie. Kisha akachomeka waya mfupi kutoka modemu hadi kwenye ruta, akaiwasha nayo.

"Nenosiri la kwanza limeandikwa chini ya ruta," jirani alisema. "Tulibadilishe. Weka refu, lisiwe jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Usimpe kila mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi." Akageuka, akatazama ukuta mpaka mzee alipomaliza kuliandika kwenye simu ya mkewe.

Saa kumi simu iliita. Kioo kikajaa uso mdogo, umelala, bila kuganda wala kukatika. Mtoto alikuwa ametoa mkono nje ya shuka. Kidole gumba kilikuwa kimepinda, kama cha seremala mwenyewe.

Mzee alivua kofia. Machozi yalimlengalenga.

"Mke wangu," alinong'ona, "huyu amepita kwenye waya ule?"

"Amepita. Punguza sauti, utamwamsha."

Siku hizi binti hupiga kila siku, wakati mtoto amelala. Ikifika saa kumi, seremala huweka nyundo chini, akaingia sebuleni kwa kunyata.