Mwito wa Tatu

Jioni ile nilitumwa kufukuza ng'ombe, kama jioni nyingine yoyote.

Uwanja wetu wa ndege wa Alando, upande wa ziwa huku Homa Bay, hauna mnara wala taa. Una njia moja ya changarawe nyekundu, soksi ya kuonyesha upepo iliyochanika, na kibanda cha mjomba Zablon, mlinzi. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao baba alifukiwa kwenye shimo la dhahabu kule Osiri. Tangu hapo namsaidia mjomba. Ndege ikitarajiwa, naondoa mifugo njiani na kuokota mawe.

Hakuna anayewaelekeza marubani. Wote hufungua redio kwenye masafa yale yale, na kila mmoja hutangaza alipo: niko maili kumi, nazunguka ziwani, natua nikitokea mlimani. Mwenzake akisikia hujibu, wanapeana zamu. Wengi huongea Kiingereza, lakini hapa maneno yao nitayaandika kwa Kiswahili. Maisha yao yamo katika kusema na kujibiwa.

Kwetu ni kinyume. Giza likianza kuingia, ukisikia sauti inaita na humwoni mwenye sauti, hujibu. Unangoja. Jachien, mzimu wa mtu aliyekufa na kinyongo, huita mara mbili tu. Binadamu ataita mara ya tatu.

Mjomba alikuwa na redio ya mkononi aliyoachiwa na marubani, awaambie kama kuna ng'ombe njiani. Aliisikiliza kila siku. Sikuwahi kumwona akiongea nayo hata neno moja.

Jioni ile ndege ilikuwa inakuja kumchukua dada yangu, Millicent. Alijifungua asubuhi na damu ikakataa kukatika. Daraja la kwenda Kisii lilikuwa limebebwa na mafuriko wiki hiyo. Walimleta kwa pikapu ya zahanati, wakaiegesha kando ya kibanda. Nesi Orpah alikaa nyuma naye, mtoto kifuani pake.

"Rubani ni kijana?" Millicent aliniuliza. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kama ni kijana, nifunike kichwa. Sijasuka."

"Nyamaza, mama watoto," Orpah alisema. "Hizo nguvu utazihitaji."

Kisha akaniita kando, akanong'ona. "Giza likifunga kabla haijatua, itarudi ilikotoka. Na huyu hatafika asubuhi."

Mjomba alinipa redio akaenda mwisho wa njia, upande wa ziwa, kuzuia ng'ombe wa jirani.

"Sikiliza tu," alisema.

"Na akiniuliza kitu?"

"Kazi yetu ni ng'ombe, nyathina, mwanangu. Ya juu si yetu."

Jua lilikuwa limegusa maji redio ilipokwaruza.

"Alando, Alando. Hapa ni Hemed. Maili nane, natokea mlimani. Natua moja kwa moja."

Niliiona taa yake juu ya mlima, ndogo kama kimulimuli. Nikampungia Orpah mkono. Nilicheka, nakumbuka. Nilicheka kwa furaha.

Ndipo ng'ombe wakaacha kula.

Wote. Waliinua vichwa kwa pamoja, wakatazama ziwani. Vyura wakanyamaza. Harufu ikaja... petroli, na nyasi zilizoungua, na kitu kingine kama nywele zikipita juu ya moto.

Kisha nikasikia injini.

Si ya Hemed. Hii ilitoka ziwani, chini chini, ikikohoa. Nilikodoa macho. Maji yalikuwa mekundu na matupu. Hakukuwa na taa. Hakukuwa na bawa. Kulikuwa na mngurumo tu, unaokaribia.

"Alando, Alando..." ilisema redio. "Nazunguka juu ya ziwa... natua... kuna mtu anaona ndege nyingine?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyechoka. Ilisikika kana kwamba mdomo wake ulikuwa umejaa maji.

"Ndege ya upande wa ziwa, sikuoni," Hemed alijibu haraka. "Uko umbali gani?"

Kimya.

"Ndege ya ziwani, uko umbali gani?"

Kimya. Taa ya Hemed ikainama, ikapinda, ikaanza kuuacha mstari wa uwanja.

"Mbona inaenda?" Orpah aliuliza kutoka kwenye pikapu. Mjomba alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa ziwa, ndala mguu mmoja, mguu mwingine mtupu.

"Usijibu," alisema akihema. "Ameita mara ngapi?"

"Mara moja. Mjomba, unamjua?"

Aliketi chini, pale pale kwenye changarawe.

"Abdisalam," alisema. "Alikuwa anabeba minofu ya samaki aina ya mbuta kupeleka Nairobi. Miaka kumi na mmoja sasa. Jioni kama hii aliita, anauliza kama kuna ndege nyingine. Na ilikuwapo, inatokea mlimani, redio yake imekufa. Rubani wa ile hakusikia lolote. Mimi nilikuwa nimesimama hapa, naziona zote mbili. Redio nilikuwa nimepewa juzi yake tu. Sauti haina uso, giza linaingia..." Alifuta mdomo. "Aliita mara mbili. Nikangoja ya tatu."

Alitazama ukingo wa njia, pale zilipogongana, ambapo nyasi hazioti hadi leo.

"Haikuja."

Redio ikakwaruza mkononi mwangu. Ilikuwa ya baridi kama samaki.

"Alando... Alando... hakuna mtu?"

Mara ya pili.

Mngurumo ulikuwa sasa juu ya ukingo wa maji. Mabati ya kibanda yalianza kutetemeka. Hemed akaingia redioni, sauti imekaza.

"Alando, nasikia ndege na siioni. Mwanga umekwisha. Kama hakuna anayejibu, narudi Kisumu."

"Phelesia," Orpah aliniita. "Mapigo yanapotea."

Mjomba alinishika kifundo cha mguu. Alitikisa kichwa tu, kama mtoto anayekataa dawa.

Nilibonyeza kitufe.

"Ndege iliyo juu ya ziwa," nilisema, "nimekusikia. Ndege nyingine ipo. Iko mbele yako, inatokea mlimani, inakuja kuchukua mgonjwa. Usitue. Ngoja juu ya ziwa. Zamu yako ni ya pili."

Nilihesabu pumzi zangu. Moja. Mbili. Tatu.

"Nimesikia..." ilisema sauti. Ilikuwa kama mtu anayelia polepole. "Asante. Nangoja."

Mngurumo ukainuka. Ulipita juu ya vichwa vyetu, upepo wake ukanipeperushia kitambaa cha kichwa, lakini juu hapakuwa na kitu ila nyota moja. Ukarudi ziwani.

"Kapteni Hemed," nilisema, "njia iko wazi. Tua."

Alitua katika mwanga wa mwisho kabisa. Tulimbeba Millicent kwa blanketi, mtoto akafuata na Orpah. Hemed alikuwa kijana kweli, lakini dada hakuweza tena kufungua macho.

"Yule mwenzangu yuko wapi?" Hemed aliniuliza akifunga mikanda.

"Anangoja."

Alinitazama. "Sikiliza, dada. Masafa haya yanatumiwa na viwanja vingi. Huenda ni mtu yuko Migori, ama Mara huko. Mawingu hubeba sauti."

"Lakini alitaja Alando."

Mikono yake ilisimama juu ya mkanda. "Ndiyo," alisema. "Alitaja."

Upepo ulimtaka apae kuelekea ziwani. Alipaa kuelekea mlimani.

Dada alipona. Siku ya tatu alinipigia kutoka hospitali Nairobi, akalalamikia uji wao. Mama aliimba jikoni siku nzima. Mjomba hakuimba. Tangu jioni ile hajakanyaga uwanjani, na kazi yote imebaki kwangu.

Kwa sababu usiku ule, Hemed alipokwisha kuondoka, redio ilikwaruza tena.

"Zamu yangu?"

Nilimwendea mjomba nyumbani kwake nikamwuliza nifanye nini. Alinijibu akiwa amegeukia ukuta.

"Usimruhusu. Atatua vile vile alivyotua mara ya mwisho. Na siku ile hakutua peke yake."

Basi kila jioni naketi kibandani. Mara ng'ombe wanapoacha kula, najua. Ananiuliza, nami namwambia angoje. Husema asante. Ana adabu sana. Wiki ya pili alianza kuniita kwa jina. Mimi sijawahi kulitaja jina langu kwenye redio.

Wiki iliyopita Hemed alinipigia simu. Millicent ameruhusiwa kurudi, yeye na mtoto, na daraja bado halijajengwa. Atawaleta leo. Nilimwomba waje asubuhi. Alisema asubuhi ana safari nyingine, watafika kabla ya jua kuzama, wakitokea mlimani. Akacheka kidogo. "Ama bado unaogopa mawingu?" Lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Jana jioni sauti iliita mapema, jua likiwa bado juu. Nilimwambia angoje. Hakusema asante.

"Phelesia," alisema. "Mafuta yanakwisha."

Naandika haya kibandani. Ni saa kumi na moja. Betri ya redio nimeichaji usiku kucha. Nimejiambia nitajibu mwito wa kwanza, sitangoja wa pili, na maneno nimeyakariri kama shairi la shule. Lakini sijui ndege isiyo na mafuta inaambiwa nini ili iendelee kungoja.

Leo sikufukuza ng'ombe. Wamekataa wenyewe kuingia uwanjani. Tangu saa nane wamesimama ukingoni, hawali, wote wametazama ziwani.