Bata Ukutani kwa Bwana Dahl

Kila asubuhi Britta Solberg aliamshwa na sauti ile ile: buti za mama yake zikigongwa kizingitini ili theluji idondoke. Mama, jina lake Joyce, alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee pale Nordby, na alirudi wakati wenzake wanaamka. Aliketi jikoni na koti lake mwilini, akanywa kahawa iliyolala, asiseme neno mpaka kikombe kiishe. Britta alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikwisha jua kwamba wakati huo mtu haulizwi kitu.

Kazi za nyumba hiyo zilikuwa nyingi na watu walikuwa wawili tu. Kazi moja ilikuwa ya Britta peke yake: kuchapa hundi. Benki iliuza vitabu vya hundi, lakini mama alichoka kulipia karatasi kila mara. Akanunua karatasi maalumu zenye mistari ya kukatia, akanunua na wino wa sumaku wa kutia kwenye printa yao. Namba zilizo chini ya hundi husomwa na mashine ya benki, na mashine hiyo haijali weusi wa wino, inatafuta sumaku tu. Britta alizipamba hundi zao kwa picha ya bata mwitu pembeni, na mji mzima ulimjua yule bata.

"Sheria ni moja," mama alimwambia siku walipoanza. "Ukimaliza kuchapa, toa katriji ya sumaku, kile kikopo cha wino, rudisha ya kawaida. Ile ni ghali, mwanangu. Zamu yangu nzima inaishia kwenye kile kikopo."

Basi, mwezi wa Januari, Britta akasahau. Alikuwa na maonyesho ya sayansi shuleni, akachapa picha za sayari, moja baada ya nyingine, kila moja na anga lake la usiku. Anga la usiku lote ni jeusi, na printa ikachapa weusi huo bila kuchoka. Sayari ya mwisho ilipotoka imepauka na kujaa michirizi, Britta alifungua kifuniko cha printa. Katriji ya sumaku ndiyo iliyokuwa ndani, na ilikuwa tupu.

Juma lile lile mama aliingia jikoni macho mekundu, mkono mmoja umeshika meza.

"Britta, hundi zimeisha. Nichapie kabla sijalala."

Hapo ndipo pa kusema. Britta alimtazama mama, akajiambia kwamba kachoka, si wakati wake. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Akaweka wino wa kawaida, akachapa. Hundi zikatoka nyeusi, safi, bata kainua shingo yake vilevile. Kwa macho usingeona tofauti yoyote. Mama akachukua kalamu, akatia sahihi palepale kwenye hundi ya chakula, huku Britta amesimama kando yake.

"Zimetoka vizuri," mama akasema. "Ahsante, mwanangu. Angalau kuna kitu kimoja sikihangaikii."

Duka la chakula la Nordby lilikuwa moja tu, la Bwana Dahl. Hakuwa mtu mbaya, ila kwa hundi iliyorudishwa na benki bila kulipwa hakuwa na utani. Aliibandika ukutani nyuma ya kaunta, jina likiwatazama wateja, na hapo ilikaa mpaka mwenyewe aje alipe na kujieleza.

Siku chache baadaye, Cody Engen, mtoto wa jirani, alimkimbilia Britta nje ya shule.

"Wee Britta! Bata wenu kanaswa kwa Dahl!"

"Bata gani? Acha upuuzi wako."

"Unajifanya hujui? Kabandikwa karibu na sigara! Mama yangu kasema, loo, hata Joyce?"

Britta alikwenda, akachungulia dirishani. Bata alikuwa pale, na chini yake sahihi ya mama. Akarudi nyumbani, akala viazi vyake.

Kesho yake mama aliiona mwenyewe. Aliweka mkate chini, akatoka, akaenda kupiga simu benki.

"Wanasema pesa ipo," alimweleza Britta. "Eti mashine yao imeshindwa kusoma namba. Labda printa yetu imezeeka."

"Si umlipe tu Bwana Dahl, mama?"

"Kulipa nitalipa. Akiniuliza kwa nini imerudi, nimwambie sijui? Wote waliobandikwa pale walisema hawajui!" Alijifuta uso kwa viganja. "Nitaomba zamu ya Jumapili, tununue printa nyingine. Mpaka hapo nitanunua chakula mji wa pili."

Mji wa pili ulikuwa mbali, na barabara ilikuwa barafu tupu. Mama akawa anatoka kazini, badala ya kuja kulala anashika usukani. Britta aliliona hilo kila asubuhi. Kila asubuhi alijiambia atasema jioni, na jioni mama alikuwa anavaa buti kwenda kazini.

Siku moja buti zilichelewa. Britta alisimama dirishani mpaka basi la shule likapita. Mwishowe mlango ukafunguka, na mama akaingia na theluji mpaka magotini.

"Nilisinzia," alisema, akacheka kicheko kisicho na nguvu. "Gari likaingia mtaroni. Baba yake Cody kanivuta kwa trekta. Mimi mzima. Maziwa ndiyo yamemwagika."

Britta akaangua kilio.

"Mama, printa haina kasoro! Ni mimi. Wino wa sumaku niliumaliza kwa sayari zangu. Nikaweka ule wa kawaida."

Mama alivuta kiti, akaketi na koti lake mwilini.

"Kwa hiyo uliniona nikitia sahihi."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Vaa koti."

"Lakini hujalala!"

"Na usingizi utanijia saa ngapi sasa? Vaa koti, tunakwenda kwa Dahl."

Dukani walikuwepo wateja wawili, na Britta alisema yote mbele yao, tangu sayari mpaka bata, kamasi zikimtoka. Mama alilipa bila kumsaidia neno. Bwana Dahl alikuna kidevu, akageuka, akaibandua hundi taratibu isichanike.

"Nimesikia sababu za kila aina kwenye kaunta hii," alisema. "Ya anga la usiku, hii ndiyo ya kwanza. Joyce, keti unywe kahawa, unaanguka."

Walipokuwa garini mama hakuwasha injini mara moja.

"Wino si kitu, Britta. Ungeniambia siku ile, ningefoka kidogo nikaenda kulala. Lakini jina pale chini ni langu. Uliniacha niliandike kwenye kitu ulichojua ni kibovu. Ukificha kosa haliondoki, mwanangu. Linakwenda kubebwa na mtu mwingine, naye hajui hata amebeba nini."

Miezi yote ya baridi iliyobaki Britta alishika koleo kila Jumamosi, akawaondolea majirani theluji milangoni kwa malipo, mikono ikafanya malengelenge, mpaka ikapatikana bei ya katriji mpya.

Ilipofika kwa posta, akachapa hundi, akazikata, akaziweka mezani mbele ya mama aliyekuwa ametoka kazini.

"Wino gani huu?" mama aliuliza.

"Wa sumaku, mama. Na katriji ya kawaida nimesharudisha."

Karatasi isingemwambia mama lolote, kwa hiyo hakuitazama. Alimtazama Britta usoni, akachukua kalamu, akatia sahihi.